Majina mawili ya ukoo: wanachopata Wahispania na kinachowaponyoka

Ukisoma "Andrés Iniesta Luján" kwa mazoea ya Tanzania, utadhani Iniesta ni baba na Luján ni babu. Sivyo. Iniesta limetoka kwa baba, Luján kwa mama, na yote mawili ni majina ya ukoo. Kila mzazi humpa mtoto jina lake la kwanza la ukoo. Mwanamke akiolewa habadilishi chochote: cheti cha shule na hati ya nyumba hubaki na jina lilelile, na hakuna wa kumtaka athibitishe kwamba ndiye yeye. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Nyingine ni kutenganisha watu. Hispania akina García ni wengi mno, lakini María García López hachanganywi na María García Ruiz.

Wanaoupinga utaratibu huu kwa jina la haki wana hoja nzito. Mwanamume García López akizaa na mwanamke Pérez Gómez, mtoto ni García Pérez. López na Gómez, majina yaliyotoka kwa bibi wote wawili, yamekatika hapo hapo. Pérez nalo litakatika kizazi kinachofuata. Sheria ya 1999 iliruhusu la mama litangulie wazazi wakikubaliana. Wasipokubaliana, la baba lilishika nafasi. Upendeleo huo ulikoma tarehe 30 Juni 2017. Sasa wazazi hutaja mpangilio wenyewe. Wakishindwa, msajili huwapa siku 3, kisha huamua kwa maslahi ya mtoto, na mpangilio wa mtoto wa kwanza huwafunga wadogo zake. Ni hatua ya haki, ingawa hesabu haijabadilika: katika majina manne, mawili lazima yaanguke.

Midomoni mwa watu, hata hivyo, jina la mama hushinda mara nyingi la baba likiwa la kawaida mno. Mshairi Federico García Lorca huitwa Lorca. Pablo Ruiz Picasso alitia saini Picasso, jina la mama yake. Lakini maktabani García Lorca mtafute kwenye G.

Hoja ya pili ya wapinzani ni usumbufu ugenini. Karani wa Marekani huona neno la mwisho tu kuwa ndilo la ukoo, García likageuzwa jina la kati, na tiketi ya ndege ikatoka "López". Uwanjani haifanani na pasipoti. Dawa ni kuandika yote mawili kwenye nafasi ya jina la ukoo, bila kistari kama pasipoti haina. Mwenye shaka atazame maandishi ya mashine chini ya ukurasa wenye picha: GARCIA<LOPEZ<<MARIA. Alama moja hutenganisha majina ya ukoo. Alama mbili huonyesha yameisha na jina la mtu linaanza.

Wapo wanaotaka Wahispania wabaki na jina moja ili mambo yawe mepesi. Siafiki; fomu ndiyo ipanuliwe. Tena isipanuliwe kwa kanuni ya "chukua la kwanza", maana Ureno kwa kawaida la mama hutangulia na la baba hufunga. Katika Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro, dos Santos ni la mama, Aveiro la baba, na Ronaldo, lile linaloandikwa mgongoni mwa jezi, si jina la ukoo kabisa.