Pasipoti ya miaka kumi, ukihesabu vizuri ni tisa na nusu

Jamani hivi kuna mtu anaweza kunieleza ile miezi sita ya mwisho ya pasipoti ni ya nani? Maana mi nimelipia miaka kumi, kitabu kinasema miaka kumi, tarehe ya kuanza ipo na tarehe ya kuisha ipo, zote mbili zimechapwa na serikali sio mimi niliyejaza kwa kalamu, alafu nakuja kuambiwa eti haifai kwa safari ya meli kwa sababu wao wanataka sita na yenyewe imebakiza miezi mitano. Imebakiza! Wenyewe wanakiri kwa mdomo wao kwamba imebakiza. Ni yale yale ya betri ya simu inayokuonyesha asilimia ishirini alafu inazima katikati ya maongezi, ukiichomeka kwenye chaja inawaka na kukwambia ishirini bado zipo.

Sasa kwa ndege angalau naelewa kidogo, unaenda nchi moja, unasoma masharti ya nchi moja, unalalamika kuhusu nchi moja, yameisha. Meli ya kitalii haina huo ustaarabu. Inakupitisha nchi nne tano ndani ya wiki moja na kila bandari ina hesabu zake. Hawa wanataka miezi sita kuanzia siku unayoingia, wale wanataka miezi sita kuanzia siku unayotoka. Ukifika Ulaya kwenye zile nchi za Schengen, yaani zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, wanakwambia miezi mitatu tu baada ya siku ya kuondoka, unashusha pumzi, unasema hawa angalau wana utu, kumbe wana lao jingine, pasipoti yenyewe iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Afrika Kusini wao siku 30 baada ya kuondoka zinawatosha, ila wanataka kurasa mbili tupu. Yaani mtu umejipangia kwenda kupunga upepo wa bahari unajikuta usiku wa manane umeinamia kalenda, unajumlisha, unatoa, unahesabu na mwezi Februari kama una siku 28 au 29, mtihani wa hesabu ulidhani uliuacha shuleni.

Na mwenye meli hana muda wa kukaa na wewe mkachambua bandari moja moja. Anatazama ratiba nzima, anaitafuta nchi yenye masharti magumu kuliko zote, hiyo ndio anaifanya sheria ya meli. Nne wamekubali mmoja amekataa, umekataliwa. Eti ndio inaitwa kujihami, maana akipeleka abiria mwenye karatasi mbovu faini inaweza kumwangukia yeye na mzigo wa kumrudisha ni wake. Sawa, ajihami, lakini mbona ananijihamia mimi tu.

Sababu ya hiyo miezi sita wanayo, na sikatai kwamba ina kichwa na miguu. Wanasema unaweza kuugua ukalazwa, safari inaweza kuvurugika, ukakwama kwao mpaka pasipoti ikaisha, wakabaki na mtu hawajui wamrudishe kwa hati gani. Haya. Ila nitazameni mimi abiria wa meli. Nashuka saa mbili asubuhi nimevaa kofia na viatu vya wazi, sina sanduku, sina begi, mfukoni nina kadi ya chumba tu. Saa kumi na moja jioni natakiwa niwe nimesharudi ndani na meli haimsubiri mtu, wanatangaza kwa spika mpaka unaona aibu. Masaa tisa, na humo ndani kuna foleni ya kushuka na foleni ya kupanda. Mtu wa hivyo ndio anahitaji miezi sita? Nilime, nipalilie, nivune?

Walioniacha hoi kabisa ni Waingereza. Zamani kwao ukienda kubadilisha pasipoti kabla haijaisha, ile miezi iliyobaki walikuwa wanakuwekea kwenye mpya, mpaka tisa, kwa hiyo kuna watu walikuwa wanatembea na kitabu cha miaka kumi na miezi tisa. Serikali yenye huruma hiyo. Mpango ukasitishwa Septemba 2018, ila vile vitabu vilivyokwisha kutolewa vikaendelea kuwa mifukoni mwa watu. Alafu Uingereza ikajitoa Umoja wa Ulaya, raia wake wakawa wageni wa kawaida, na Schengen wakasema sisi tunahesabu toka siku ilipotolewa, siku unaingia kwetu ikiwa imeshapita miaka kumi huingii, hayo mliyoongezeana huko kwenu ni mambo yenu. Watu wakarudishwa wakiwa na pasipoti ambayo kwa macho yako kabisa unaona haijaisha. Yaani hapo hata mi niliyezoea kulalamika nilikosa maneno.

Wamarekani nao wana mchezo wao. Meli ikitoka Miami, ikazunguka Karibiani, ikarudi Miami ile ile, raia wao anaruhusiwa kurudi nyumbani na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Cheti cha kuzaliwa! Karatasi inayothibitisha kwamba siku fulani kuna mtoto alilia, basi. Mimi na kitabu changu chenye chipu ndani na ile mistari miwili ya herufi na namba huku chini, 44 kwenye kila mstari, naulizwa miezi, na yeye anapita na karatasi. Lakini msimwonee wivu haraka, maana huyo huyo akichelewa meli huko visiwani, au akivunjika mguu, itabidi arudi kwa ndege, na kwenye ndege ya kimataifa cheti cha kuzaliwa hakina kazi. Na kuna bandari nyingine hazitaki kusikia habari za cheti hata kama Marekani yenyewe imeridhia.

Ila kitu ambacho hakinitoki ni familia moja niliyokuwa nyuma yao kwenye foleni ya bandarini, baba, mama na mtoto. Baba na mama wamepita vizuri. Mtu wa kaunta akachukua pasipoti ya mtoto, akafungua ukurasa wa picha, akamtazama mtoto, akaitazama picha, kwenye picha kuna kichanga hakina jino hata moja na hapo mbele yake kuna kijana mkubwa anauliza bwawa liko ghorofa ya ngapi. Akaanza kugonga meza na ncha ya peni, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Peni ikasimama. Baba wa watu alikuwa anajua pasipoti ni miaka kumi, mbona yake ni kumi, hakuna aliyemwambia kwamba nchi nyingi mtoto anapewa mitano. Na masanduku yao yalikuwa yameshachukuliwa mlangoni na wapagazi, maana mzigo unapokelewa kwanza, karatasi zinakaguliwa baadae, sijui nani aliyepanga huo utaratibu. Ikabidi mtu apigiwe simu huko juu aanze kutafuta masanduku matatu kwenye meli nzima, na mtoto muda wote huo kasimama na maboya yake ya kuogelea mikononi, ameshayajaza upepo.

Hela hawarudishi. Vigezo na masharti kuzingatiwa. Ukifungua tovuti zao picha ya bwawa la kuogelea inajaa skrini nzima, watu wanacheka, meno meupe, ile sentensi inayosema nyaraka ni jukumu la abiria na asiyekuwa nazo hapandi wala harudishiwi pesa imeandikwa kwa herufi za kusoma ukiwa umekodoa macho.

Alafu eti dawa ni nyepesi, kabadilishe mapema. Haya umebadilisha. Namba ya pasipoti mpya sio ile ya zamani, kwa hiyo urudi kwenye fomu ya meli ukabadilishe namba, na kile kibali cha kuingia ulichoomba kwa intaneti kimefungwa kwenye namba ya zamani, unaomba upya unalipa upya. Na viza je? Hapo ndio nacheka peke yangu. Viza ya Marekani ikiwa bado hai ndani ya pasipoti iliyoisha inakubalika, unabeba vitabu viwili, kile kipya na kile kilichokufa. Yaani kitabu kilichokufa kabisa kinaheshimiwa, changu kilichobakiza miezi mitano hakitakiwi.

Nikaona nisibishane na ukuta, nikapiga simu kwa wenye meli. Muziki, muziki, simu yako ni muhimu kwetu, muziki tena, mwisho akapokea dada mmoja ana sauti nzuri. Nikamwambia dada yangu, hiyo nchi inayodai miezi sita mimi wala sina shida nayo, meli ikifika hapo sishuki, nabaki ndani. Akasema baba, hata usiposhuka, meli ikishafika bandarini kwao na wewe umefika. Nikamwambia nitajifungia chumbani, pazia nitashusha. Akasema hata hivyo baba. Nikamuuliza na nikiwa nimelala je, maana mtu aliyelala huwezi kusema kaingia nchi ya watu. Akakaa kimya kidogo, nikajua sasa hapo nimempata, nasikia anabonyeza bonyeza kompyuta, nikakaa sawa nisubiri habari njema.

"Baba," akaniuliza, "hiyo pasipoti yako ina kurasa ngapi tupu?"