Punda mzee: nani alipie miaka yake ya mwisho?

Punda akianza kuyumba chini ya mzigo aliokuwa akiubeba bila taabu, mwenyewe hubaki na njia nne: kumuuza, kumwachia ajitafutie, kumpunguzia kazi na kumlisha mpaka afe, au kumwita daktari wa mifugo amdunge sindano ya kumuua. Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitiki kwa gari na mchanga, mawe na saruji bado hupandishwa mgongoni mwa punda, swali hili halikwepeki.

Kuuza ndiko kulikokuwa na watetezi wengi. Zamani punda mzee nchini Kenya hakuwa na bei ya maana. Pwani nyama yake hailiwi, na kwa wanazuoni wengi wa Kiislamu ni haramu. Kuanzia 2016 yakafunguliwa machinjio yaliyotaka hasa ngozi, ambayo huchemshwa kutoa ejiao, gundi inayotumiwa China kama dawa. Hoja ya watetezi si ya kupuuzwa. Maksai akichoka kulima huuzwa buchani na hakuna anayelia. Kwa nini mchukuzi wa mizigo, ambaye mara nyingi ni maskini, akatazwe kuokoa chochote kwa mnyama aliyemnunua kwa jasho?

Tatizo ni kwamba soko la ngozi halikungoja punda wazeeke. Ripoti ya taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya punda 300,000 walichinjwa katika muda usiofika miaka mitatu. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mmoja tu, kwa hiyo pengo hilo halizibiki upesi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Wezi nao wakaingia, watu wakaamka na kukuta mizoga iliyochunwa vichakani. Aliyemuuza mzee wake ili anunue kijana akajikuta bei ya kijana imemtupa mkono. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi barani kote. Mimi naona walifanya sawa, ingawa uamuzi huo haukumwachia mwenye punda mzee hata shilingi.

Hapo ndipo wengi huchagua kumwachia. Inaonekana huruma: kafanya kazi, sasa apumzike. Lakini punda mzee meno yamekwisha au yamekaa upande, majani makavu hayatafuniki, na mjini chakula rahisi ni jalala. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini plastiki haijaisha majalalani, na ikimziba tumbo hufa kwa maumivu ya siku kadhaa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inahesabu kumtelekeza mnyama namna hiyo kuwa kosa. Kati ya njia zote nne, hii ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo isiyomgharimu mwenyewe kitu.

Kumlisha ni jambo jingine. Pumba iliyoloweshwa, maji safi, kivuli, na kazi ndogo kama madumu mawili ya maji kwa safari fupi, maana punda anayetembezwa kidogo hukakamaa viungo polepole kuliko anayesimama tu. Kliniki ya punda iliyofunguliwa Lamu mwaka 1987 iliwazoesha watu matibabu ya bure, pamoja na kusawazisha meno. Lakini kliniki haiwezi kuwa nyumba ya wazee wote wa kisiwa.

Sindano huwatisha wengi kwa sababu ya imani: roho si yangu, nitaiondoaje ya mnyama nisiyemla? Nauheshimu wasiwasi huo. Hata hivyo punda asiyeweza tena kuinuka wala kutafuna hapumzishwi kwa kuachwa juani. Uamuzi huo afadhali ufanywe na daktari mapema, kabla mwenye mnyama hajashikwa na uchungu au njaa ya pesa.

Kabla ya hapo, gharama ya pumba haimhusu mchukuzi peke yake. Mwenye hoteli na mwenye nyumba mpya walijengewa kwa mgongo huohuo, tena kwa bei ya chini waliyoipigania kila safari. Nyongeza ndogo kwa kila mzigo, iwekwe kwenye mfuko wa wenye punda, ingewalisha wazee wachache kila mtaa. Itapingwa na wachukuzi wenyewe: akipandisha mmoja, mteja atamwendea mwingine. Ndiyo maana haitafaa kitu isipokuwa wapandishe bei wote kwa pamoja, na wenye kujenga Lamu hawana gari la kukimbilia.