GPS peke yake haitoshi: swichi ya siri nayo ina kazi yake

Sa hivi mjini ukimuuliza mtu gari yako umeilindaje atakwambia nimefunga GPS, basi, kamaliza. Mi naona hapo tunajidanganya, maana GPS haizuii gari kuibiwa, inakuonyesha tu imeelekea wapi.

Sisemi haifai. Jirani yangu Tabata IST yake ilichukuliwa usiku, akafungua simu akaiona inaelekea Kibaha, akatuma amri ya kuzima na gari ikakutwa pembeni ya barabara, wezi washakimbia. Na kama gari ni ya biashara unampa dereva, hapo GPS haina mpinzani kabisa.

Tatizo ni kwamba kile kidude kina laini ya simu ndani na laini inataka bando, sasa ukisahau kuweka, siku ya tukio simu inakuonyesha gari ilipokuwa mwezi uliopita. Afu mawimbi ya GPS yanatoka kwenye satelaiti zilizo juu kama kilomita 20,000, yakifika huku chini ni dhaifu mno, ndo maana jama, yaani kidude cha kuvuruga mawimbi, hata ikiwa ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara inatosha kuyazima. Na hizi za bei rahisi nyingi zinakuja na paswedi 123456. Mwaka 2022 watafiti wa BitSight, kampuni ya usalama wa mitandao, walionyesha kwamba GPS ya gari aina ya MiCODUS MV720, ya dola 20 hivi, mtu akiwa mbali anaweza kuingia na kukata mafuta gari ikiwa inatembea, na kampuni hiyo ilikuwa na vidude milioni 1.5 kwenye nchi 169. Kwa hiyo paswedi ibadilishe siku hiyohiyo, ingawa kasoro nyingine za kidude kile paswedi mpya haizitibu.

Swichi ya siri, yaani ile unayoificha ndani ya gari ukaijua mwenyewe, yenyewe haitaki bando wala haijali jama. Unakata umeme wa stata au wa pampu ya mafuta. Mi napendelea pampu, kwa sababu gari ya gia za mkono ukikata stata wanaisukuma inawaka, ila ukikata pampu itatembea hatua chache na presha iliyobaki kwenye paipu afu inazima, mwizi yuko katikati ya barabara watu wanamwona. Ubaya wake, ukisahau kuibonyeza ni kama haipo, na wakiivuta gari na brekidauni hutajua chochote, hapo mwenye GPS anakushinda.

Ila kitu kinachoniuma kuliko vyote ni ufungaji. Fundi wa kwanza alivua waya kwa meno, akausokota na kuuzungushia solotepu, wiki mbili mbele gari ikanizimikia kwenye flaiova ya Ubungo na watoto wamo ndani, malori yanapita pembeni. Wa pili akafumua yote, akachoma maungio kwa risasi, akaunga rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, kwenye ule mguu wa 87a ambao unapitisha umeme hata kidude kikifa, kwamba kifaa kikiharibika gari bado inatembea. Hilo mdai fundi kabla hajagusa waya, na kama hajui 87a ni nini tafuta mwingine.

Kufuli la stelingi watu wanalidharau kwamba stelingi inakatwa na msumeno, kweli inakatwa, lakini inachukua muda na mwizi anaona kabisa kazi inayomsubiri. Marekani wimbi la wizi wa Hyundai na Kia zisizo na imobilaiza, ule mfumo unaozuia gari kuwaka bila ufunguo wenye chipu yake, lilipopamba moto, makufuli haya ndo yaligawiwa bure kwa wenye magari, na hapa kwetu gari nyingi za Japani za miaka ya 2000 mwanzoni ufunguo wake hauna chipu.

Hela ikiwa kidogo ningeanza na swichi, nikaongeza kufuli kama gari inalala nje, GPS ikafuata. Gari ya dereva anza na GPS. Na kidude mwambie fundi asikifiche chini ya dashibodi upande wa dereva, huko ndo wanakoanza kupapasa.