Bima ya afya: tatizo ni uelewa au ni kipato?

Kila ukianza mjadala wa bima ya afya lazima atokee mtu aseme watu hawana elimu ya bima, wanasubiri waumwe ndo waanze kuhangaika. Mi naona hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Mtu wa ajira rasmi hata hachagui, anakatwa juu kwa juu kabla mshahara haujamfikia na mwajiri anaongezea. Ujerumani walipoanzisha bima ya lazima mwaka 1883 walianza na wafanyakazi hasa wa viwandani, yaani watu wenye mwajiri wa kuwakata. Sasa mchukue mama anayefulia watu nguo, leo kapata kesho kakosa, unamwambia alete mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na hela ikiingia tu kodi ya chumba inaisubiri, ada inaisubiri, na mtoto leo yuko mzima anacheza. Akiacha bima sio kwamba haelewi, kapiga hesabu. Halafu kuna jirani yake aliyekuwa na kadi, kafika dirisha la dawa kaambiwa hii haimo kwenye kifurushi chako kanunue. Hiyo habari inasambaa kuliko tangazo lolote.

Ila wanaotaka watu walazimishwe nao wana hoja nzito. Wakijiunga wagonjwa peke yao mfuko unaelemewa, mchango unapanda, wazima wanazidi kukimbia. Na wapo wenye kipato kizuri tu wanaojiona hawaumwi, hao siwatetei.

Tatizo maskini akiingia anaangukia kifurushi cha bei ya chini, kile ambacho kila ukitibiwa unalipa sehemu ya gharama mfukoni mwako. Shirika la utafiti la RAND la Marekani lililijaribu hilo kuanzia miaka ya 70 mpaka 1982, waliolipa sehemu ya gharama walipunguza kwenda kutibiwa kuliko waliotibiwa bure, ikiwemo huduma walizozihitaji kweli. Wengi afya zao hazikuyumba, sawa, lakini maskini wenye presha ndo ilionekana wazi kwamba matibabu ya bure yaliwasaidia kuishusha.

Mi nataka watu walipe kidogo kidogo kadri wanavyopata na wasio na kitu walipiwe na serikali. Hata hivyo bado kuna kitu kinanisumbua: yule mama akiumwa hafui, asipofua hana hela ya mchango, na kadi inafungwa wiki ileile anayoihitaji.