Nibebe Zote au Nibebe Nusu?

Jumamosi kuna maonyesho ya kazi za mikono, na saa hii ya usiku niko chini sakafuni kati ya ndara, viondo na bangili, napiga hesabu isiyotaka kupigika. Mama Brayo amepita, akaruka kiondo, akaniuliza wageni wakija watakaa wapi. Sijamjibu. Nina shida kubwa kuliko wageni.

Wanaojua ndio wananivuruga. Mama wa vikapu anasema jaza meza, meza tupu inafukuza watu. Kijana wa batiki anasema weka chache, mteja akiona vingi anachanganyikiwa, anaenda zake. Jirani wa vinyago vya mawe ya Kisii hana ushauri. Hesabu yake hupigwa na mgongo: akishindwa kuinua boksi, basi zimetosha.

Mimi ndara ndizo zinaniua. Mtindo mmoja, namba 36 hadi 42, ni jozi saba. Nina mitindo minne, 28. Weka nyeusi na kahawia, 56. Na hapo ni jozi moja moja tu ya kila namba! Halafu utaona: Nairobi yote ina mguu wa 39. Saa nne asubuhi 39 zimeisha, mchana kutwa nimebaki kulinda 36 na 42. Atakuja dada wa 40 ajaribu 38, avute kamba hadi shanga zilie, kisha aseme, "Hii yenu ni ndogo."

Na nikipunguza? Meza ni 4,000. Ndara ikiniachia 400 baada ya ngozi, soli na shanga za Kariokor, lazima jozi kumi ziondoke ndio nilipie meza peke yake. Bado nauli, bado chai ya mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kulinda meza nikienda msalani, na huilinda akiwa kwenye simu. Kwa hivyo bangili za 150 lazima ziwepo kwa wingi, kwa sababu ndizo mtu hununua akiona aibu kuondoka mikono mitupu. Lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, huyo wa 150 naye anataka mfuko wa khaki, tena wenye kamba. Mifuko nayo nihesabu!

Waliopanga tarehe nao Mungu anawaona. Tarehe 18! Tarehe 18 Nairobi inaishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Watu watakuja, watashikashika, watapiga picha na kiondo begani, watauliza bei. Nikisema 1,500, mtu aliyelelewa na Maasai Market anajibu 500 bila kupepesa jicho. Tukifika 1,100 anasema, "Wacha nizunguke kidogo, nitarudi." Hao wa nitarudi wangekuwa wanarudi kweli, mimi ningekuwa na duka kwenye jumba la Village Market.

Kuna mwingine simwezi kabisa. Umepanga rangi zote ulizonazo, yeye anaangalia meza nzima, anauliza, "Hakuna ya kijani?" Ipo. Iko nyumbani, chini ya kitanda, kwa sababu mwezi uliopita niliibeba ikashinda ikiangaliwa tu. Sasa ya kijani nayo naiweka kwa gunia.

Kubeba zote ningebeba, lakini makanga wa matatu za Kayole ukimwonyesha gunia anakuambia mzigo unalipa kiti. Magunia matatu, viti vitatu, na mimi nisimame.

Shemeji ana gari. Nimempigia. Hana neno, atanibeba, ila kwanza nimwambie kama mzigo ni mwingi au ni kidogo, ndio ajue kama aje na Probox au aje na pikipiki.

Nimekata simu.