Ganda la korosho si takataka

Wiki iliyopita nilikuwa Newala, mkoani Mtwara, kwa mama mdogo. Nilimkuta uani anabangua korosho, mikono kaipaka majivu, na bado ncha za vidole zilikuwa nyeusi, ngozi imebambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa na mafuta ya moto. Nikamwambia twende zahanati. "Mwanangu, hii ni korosho tu," akanijibu, akaokota nyingine. Pembeni yake rundo la maganda lilikuwa likingoja kuchomwa.

Hiyo "korosho tu" haijanitoka rohoni. Mimi ni mwalimu wa kemia, najua kinachomuunguza. Ndani ya ganda mna mafuta mazito, takriban robo ya uzito wa ganda lenyewe, na sehemu kubwa yake ni asidi anakadi. Ukiyapasha moto vya kutosha, asidi hiyo hupoteza kaboni dayoksaidi ikabaki kadanoli, ndugu wa fenoli (kemikali ya viwandani) mwenye mkia wa atomi 15 za kaboni. Fenoli ya viwandani hutokana na mafuta ya petroli. Hii yetu inaota mtini, tena hailiwi, kwa hiyo haimnyang'anyi mtu chakula. India wamekuwa wakiitumia miaka mingi kwenye rangi, vanishi na breki za magari.

Na sehemu ya malighafi hiyo wanaipata kwetu Tanzania! Korosho zetu nyingi hupakiwa melini zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na zaidi ya nusu ya uzito wa kila gunia ni ganda. Mnadani watu wanabishania kiini. Ganda linasafiri bila kutajwa.

Isisemwe kwamba wataalamu hatuna. Profesa Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wameyafanyia utafiti mafuta haya kwa miaka. Mwaka 2014 wanakemia wa Uingereza na Ujerumani walionyesha namna ya kuyageuza kuwa vivutia mbung'o, kemikali zilezile ambazo mdudu huyo huzifuata kwenye harufu ya ng'ombe, ili aingie mtegoni. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ataelewa uzito wa jambo hilo kuliko mimi.

Lakini lililonigusa zaidi ni la mwaka 2019. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, wakiwa na wenzao wa Tanzania, Malawi na Ujerumani, walitengeneza kutokana na mafuta hayohayo viambato vinavyozuia miale ya jua inayodhuru ngozi. Darasani kwangu nina binti mwenye ualbino. Mafuta yake ya kupaka yakiisha, saa za michezo anabaki ndani, anatuangalia dirishani. Kopo moja linamtoa jasho mama yake. Halafu nakumbuka lile rundo la maganda kule Newala, nashindwa kutulia.

Nakubali, maabara si kiwanda. Njia ile ya vivutia mbung'o inatumia vichocheo vya paladi na rutheni, madini ya bei mbaya. Nakubali pia kwamba kiwanda kinachochoma maganda kwenye boila kinaokoa kuni. Sawa, ila mafuta yakamuliwe kwanza, kisha makapi ndiyo yachomwe. Kukamua hakuhitaji paladi, kunahitaji mashine ya kukamulia, na mashine za kukamua alizeti tunazo nchi nzima.

Viwanda 12 vya kubangua vilijengwa miongo kadhaa iliyopita na vingi vikaishia kuwa maghala. Sasa tunazungumzia tena kubangua hapa nchini. Basi kila kiwanda kipya kiulizwe kabla ya kupewa kibali: mafuta ya ganda utayapeleka wapi? Na AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zidai fungu la mkulima kwenye mafuta hayo, kama zinavyodai kwenye kiini.

Mama mdogo nilimwachia jozi mbili za glovu nene. Juzi kanipigia simu. Zinateleza, kasema, kiini kinavunjika, na cha kuvunjika mnunuzi anakishusha bei. Amezivua, amerudi kwenye majivu.