Walimchagua mara tatu, kiti kikabaki kitupu

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 1966, wabunge wa Georgia, Marekani, walikusanyika Atlanta kula kiapo. Mmoja wao hakuapishwa. Julian Bond, kijana mweusi wa miaka 25 aliyekuwa amebakiza siku nne tu kutimiza 26, alikuwa ameshinda uchaguzi wake kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Hakuna aliyedai kwamba ameiba hata moja. Lakini wabunge wenzake 75 walikuwa wameweka pingamizi, na karani wa Baraza la Wawakilishi akakataa kumwapisha mpaka pingamizi hizo ziamuliwe.

Jioni ya siku hiyohiyo aliitwa mbele ya kamati ya wabunge 28. Wakasikilizishwa sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, mahojiano aliyofanya na mwandishi wa redio. Kamati ikapiga kura: 23 kwa 3, asiingie. Baraza zima likafuata: 184 kwa 12.

Hizo hesabu nimekaa nazo muda mrefu. Kila anayesimulia habari za Bond huanza na hiyo 184 kwa 12, na ni kweli inashtua. Mimi naona hesabu zenye uzito ni nyingine, zile za watu wa eneo la uchaguzi namba 136, ambao katika muda usiozidi miezi kumi baada ya siku ile walimrudisha mtu wao tena na tena, wakijua kabisa mlango umefungwa.

Kosa lake lilikuwa nini? Bond alikuwa msemaji wa SNCC, umoja wa vijana waliokuwa wakikaa kwenye migahawa ya wazungu mpaka wakamatwe, na kuwaandikisha weusi wa Kusini wapate kupiga kura. Tarehe 3 Januari 1966 mwanafunzi mmoja wa Tuskegee, Alabama, Sammy Younge, aliyekuwa amelitumikia jeshi la majini la Marekani, aliuawa kwa risasi kwenye kituo cha mafuta baada ya mzozo juu ya choo cha wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono wanaokataa kwenda jeshini: huwezi kupeleka watu kupigania uhuru ng'ambo ya bahari wakati hapa nyumbani mtu anauawa kwa sababu ya choo. Bond hakuliandika tamko lile. Mwandishi alimpigia simu, akamwuliza kama analikubali, naye akasema analikubali. Mbele ya kamati alieleza kwamba anastahi ujasiri wa wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini, ila yeye ya kwake hakuichoma wala hamshauri mtu achome. Hayo ndiyo yaliyomgharimu kiti.

Ili uelewe kiti chenyewe kilipatikanaje, lazima urudi nyuma kidogo. Kwa miongo mingi Georgia ilikuwa na mtindo wake wa kuhesabu kura za mchujo wa chama. Kaunti zilikuwa 159, na kila moja ilipewa pointi: nane kubwa kabisa zilipata 6 kila moja, zilizofuata 30 zikapata 4, na vijiji vyote vilivyobaki, kaunti 121, vikapata 2. Kwa hiyo kaunti tatu za mashambani zenye watu wachache zilitosha kuizima Atlanta nzima na kaunti yake ya Fulton. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaufuta mtindo huo, na hapo ndipo maneno "mtu mmoja, kura moja" yalipopata nguvu ya sheria. Mipaka ya maeneo ya uchaguzi ikachorwa upya, na katikati ya mwaka 1965 ukaitishwa uchaguzi maalumu wa Baraza la Wawakilishi. Bond akajitosa. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akawauliza watu wanataka nini kabla ya kuwaambia yeye ana nini. Waliyomwambia yalihusu mishahara na kazi, naye akasimama kutaka kima cha chini cha dola 2 kwa saa.

Watu wa namna hiyo ndio waliofungiwa mlango tarehe 10 Januari. Mmoja wao alikuwa Martin Luther King, ambaye alikuwa mkazi wa eneo hilohilo. King alikatisha safari yake, akarudi Atlanta, akaongoza maandamano hadi jengo la Bunge, kisha jina lake likaingia kwenye kesi pamoja na la Bond, kama mpiga kura aliyenyimwa mwakilishi. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Hakwenda mahakamani kama mchungaji wala kama mshindi wa Tuzo ya Nobel. Alikwenda kama mtu aliyepiga kura yake na kura hiyo ikatupwa.

Mahakama ya kwanza iliwaangusha, majaji wawili dhidi ya mmoja. Wakati rufaa inasubiri, gavana akaitisha uchaguzi mdogo kuziba nafasi, maana kwa Georgia kiti kilikuwa wazi. Bond akagombea kiti alichofukuzwa. Akashinda kwa kishindo. Kamati ya kanuni ikamwita, ikamtaka ayafute maneno yake, akakataa, kiti kikabaki kitupu. Septemba akashinda mchujo wa chama cha Democratic. Tarehe 8 Novemba akashinda uchaguzi mkuu, tena kwa kura nyingi. Ukihesabu na ule wa 1965, watu wa eneo namba 136 walimpeleka bungeni mara tatu katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi.

Nimewahi kuwa wakala wa chama kwenye kituo cha kupigia kura, mara mbili. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Usiku ule msimamizi alikuwa anaifungua karatasi moja moja, anaisoma kwa sauti, anaigeuza kila wakala aione chini ya taa, halafu anaiweka kwenye fungu lake. Asubuhi ya siku hiyo bibi mmoja alikuja kapanga foleni kabla ya jua, na alipomaliza kutumbukiza karatasi yake alinigeukia akasema, "Mjukuu wangu, hii yangu isipotee." Nilimwitikia haitapotea, bibi. Tangu siku hiyo siwezi kusoma habari ya kura iliyohesabiwa halafu ikakataliwa bila kumwona yeye na kanga yake ya njano. Ndiyo maana uchaguzi mdogo wa Atlanta unanigusa kuliko hukumu ya mahakama. Kura ya kwanza ya 1965 mtu aliipiga akitumaini. Ile ya 1966 aliipiga akijua kuna watu 184 wameshaamua haina maana.

Kuna uzi unaotufikia sisi huku pia. Desemba 1963, Kenya ikiwa imepata uhuru siku chache tu, Jaramogi Oginga Odinga alifika Atlanta akiwa waziri wa serikali mpya. Vijana wa SNCC walikwenda hotelini kumsalimu, wakatoka hapo wamejaa moto, wakaingia mgahawa wa jirani kutaka huduma. Wakanyimwa, wakaketi, wakakamatwa. Neno "Uhuru" likawa linapigwa kelele kwenye mitaa ya Atlanta. Mwaka uliofuata Bond mwenyewe alikuwa katika ujumbe wa SNCC uliokwenda Guinea.

Sasa tazama mwaka 1966 ulivyokuja na mambo yake pande zote mbili. Aprili Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaondoka KANU na wenzake na kuingia chama kipya cha upinzani, KPU. Katiba ya Kenya ikabadilishwa haraka: mbunge aliyehama chama lazima arudi kwa wapiga kura. Juni ukafanyika ule uchaguzi uliopewa jina la uchaguzi mkuu mdogo. KPU ilipoteza viti vingi, lakini Odinga akarudishwa na watu wake wa Bondo. Sisemi kesi hizi ni moja, kwa sababu Odinga alihama chama na Bond hakuhama popote. Ninachokiona ni kwamba mwaka uleule, Bondo na Atlanta, watu waliambiwa wajifikirie upya kuhusu mwakilishi wao, na kwenye maeneo yote mawili wakajibu kwa jina lilelile.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi, majaji wote kwa kauli moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Georgia ilikuwa imedai kwamba mbunge, kwa vile anakula kiapo cha kuilinda katiba, anaweza kubanwa mdomo kuliko raia wa kawaida. Warren aliligeuza hilo juu chini. Mbunge ana wajibu wa kusema anasimama wapi kwenye mambo mazito, ili waliomchagua wajue wamemchagua nani, kwa hiyo uhuru wake hauwezi kupungua kuliko wa raia. Tarehe 9 Januari 1967, karibu mwaka mzima baada ya kukataliwa, Bond aliapishwa. Kesho yake, kwa kuwa hakuna mgombea ugavana aliyepata nusu ya kura, Bunge hilohilo lilimchagua Lester Maddox kuwa gavana, kura 182 kwa 66. Maddox ni yule mwenye mgahawa aliyekuwa akiwafukuza wateja weusi kwa mipini ya mashoka. Huo ndio ukumbi aliouingia.

Miaka yake ya ubunge siwezi kuipamba. Alikaa Baraza la Wawakilishi mpaka mwisho wa 1974, kisha Seneti ya jimbo tangu 1975 hadi mapema 1987, jumla miaka 20. Nchi nzima ilimjua: mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa Democratic kule Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais, akaliondoa kwa sababu alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35. Lakini nyumbani wengine walilalamika kwamba anasafiri mno kwenda kuhutubia vyuoni, na kwamba bungeni haonekani. Nadhani lawama hiyo ilikuwa na haki yake. Mbunge akijulikana sana nje, bibi wa foleni ndiye anayekosa wa kumpelekea shida ya barabara yake.

Kazi yake kubwa ndani ya Seneti, kwa maoni yangu, ilikuwa ile ya mipaka. Baada ya sensa ya 1980 Georgia ilipaswa kuchora upya maeneo ya kuchagua wabunge wa Washington. Bond alitaka eneo la tano, la Atlanta, liwe na weusi walio wengi wa kutosha kuchagua mtu wamtakaye. Viongozi wa Baraza la Wawakilishi wakagoma, mmoja wao kwa lugha chafu ya kibaguzi ambayo baadaye ilinukuliwa mahakamani. Mwaka 1982 mahakama ikaukataa mchoro wao, na eneo likachorwa upya, takriban asilimia 65 weusi.

Mwaka 1986 kiti cha eneo hilo kikawa wazi. Bond akagombea. Akajitokeza pia John Lewis, mwenyekiti wake wa zamani kule SNCC na rafiki yake wa miaka zaidi ya ishirini, familia zao zilizozoea kula pamoja. Mchujo wa Agosti ulimpa Bond asilimia 47 na Lewis 35. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, wakaingia duru ya pili. Lewis alikuwa mitaani tangu alfajiri, vituo vya mabasi, milango ya viwanda. Kwenye mdahalo akamtaka Bond waende wote wakapimwe kama wanatumia dawa za kulevya, Bond akakataa. Ilikuwa kampeni iliyoumiza, na sioni sababu ya kuifunika. Mapema Septemba matokeo yakatoka: Lewis 52, Bond 48. Wengi wa weusi walimpigia Bond, lakini wazungu walio wengi sana walikwenda kwa Lewis, na weusi wa kutosha wakaungana nao.

Kwa hiyo eneo alilolipigania Bond likamchagua mwingine, na huyo mwingine akalishikilia hadi alipofariki Julai 2020. Kuna wanaoisimulia hiyo kama aibu ya Bond. Mimi siioni hivyo hata kidogo. Alidai watu wa Atlanta wapewe uwezo wa kumchagua wamtakaye, wakapewa, wakautumia. Kura hizo za 1986 naziweka kwenye daftari moja na zile za 1966, na Bond, kwa kuyakubali matokeo na kwenda kufundisha vyuoni, kisha kuongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, nadhani aliziweka hapohapo. Alifariki Agosti 2015, akiwa na miaka 75.

Ukienda kwenye kumbukumbu za Bunge la Georgia utakuta jinsi kila mbunge alivyopiga kura usiku ule wa 10 Januari 1966, jina kwa jina, wakiwemo wale 184. Waliokwenda kupiga kura kwenye uchaguzi mdogo majuma machache baadaye hawajaandikwa hivyo popote. Kuna aliyetoka zamu ya usiku akapita kituoni kabla ya kulala. Kuna aliyeacha nguo za watu kwenye beseni akavuka barabara, akaitumbukiza karatasi yake, akarudi kufua.